Selo Iliyogoma: Pablo Casals na Tamasha la Prades

Kuna divai tamu ya kusini mwa Ufaransa inayoitwa Rivesaltes. Hunywewa taratibu, baada ya chakula, na sifa yake ni ya kale. Wenyeji husimulia kwamba ujuzi wa kuikatiza divai isiendelee kuchacha, kwa kuitia pombe kali ili sukari ya zabibu ibaki, ulianzia hapo hapo Roussillon katika karne ya 13, na wanautaja mkono wa tabibu Arnau de Vilanova. Lakini Rivesaltes ni jina la kambi pia. Ilifunguliwa Januari 1941 kwenye uwanda wenye upepo mkali, wakafungiwa humo wakimbizi wa Hispania, Wayahudi na Waroma. Mwaka 1942 Wayahudi zaidi ya 2,000 walipandishwa treni kutoka kambini humo, na mwisho wa reli ulikuwa Auschwitz.

Naanzia hapa kwa makusudi. Makala za matamasha ya muziki katika nchi ya divai huwa zinafanana: jua la jioni, glasi mkononi, kanisa la mawe, fidla inalia, basi. Sina ugomvi na jua wala glasi. Ila tamasha la Prades, lililoanza Juni 1950 katika mkoa huo huo wa Roussillon, halieleweki ukiitazama mizabibu peke yake. Lilizaliwa kwa sababu mwanamuziki mmoja aligoma kupiga.

Jina lake Pablo Casals, au Pau kama Wakatalani wenzake walivyomwita. Alizaliwa El Vendrell, Katalunya, Desemba 1876. Selo (yule ndugu mkubwa wa fidla anayewekwa katikati ya magoti, ambaye hata kwenye vikundi vikubwa vya taarabu Zanzibar utamkuta amekaa nyuma akiunguruma) ilikuwa kabla yake ala ya kusindikiza zaidi kuliko ya kutawala jukwaa. Akiwa kijana mdogo, karibu miaka 13, aliingia na baba yake katika duka la vitu vikuukuu Barcelona, akaokota nakala ya tungo sita za Bach za selo pekee. Watu walizichukulia kama mazoezi ya vidole. Alizifanyia kazi miaka na miaka kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani, na alizirekodi zote kati ya 1936 na 1939.

Hebu tazama hiyo miaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza Julai 1936 na kwisha 1939. Yaani mtu alikuwa anarekodi Bach wakati nchi yake inachomwa.

Januari 26, 1939 Barcelona ilianguka mikononi mwa jeshi la Franco. Watu karibu nusu milioni walivuka milima ya Pyrenees kuingia Ufaransa, kwa miguu, kwenye baridi ya kipupwe. Wakatalani wanaiita safari hiyo Retirada. Ufaransa iliwapokea kwa kuwazungushia seng'enge kwenye fukwe za Argelès na Saint-Cyprien, wakalala mchangani. Mshairi Antonio Machado alifika hadi Collioure, mji wa wavuvi ambao nao una divai yake, akafa huko tarehe 22 Februari, wiki chache tu baada ya kuvuka. Casals alikuwa na jina, na angeweza kwenda popote. Akachagua Prades, mji mdogo chini ya mlima Canigou, upande wa Ufaransa lakini katika ardhi ambayo mpaka mwaka 1659 ilikuwa Katalunya moja na ya kwake, na ambako sokoni bado kulisikika lugha ya mama yake. Kusema kweli, Prades penyewe ni nchi ya mapichi zaidi kuliko zabibu. Mizabibu inashika kasi ukiteremka bondeni kuelekea Perpignan.

Hapo alifanya kazi ambayo haina makofi. Alizunguka kwenye kambi, alipeleka nguo, chakula na fedha, na aliandika barua kwa maelfu kuomba msaada kwa watu ambao wengi wao hakuwajua. Wajerumani walipoikalia Ufaransa yote, maofisa walimfuata nyumbani wakimtaka aende kupiga Berlin. Akakataa. Alishaikataa Ujerumani tangu Hitler aingie madarakani mwaka 1933, kwa hiyo hakuwa anatafuta ushujaa wa dakika za mwisho.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Casals, kama wakimbizi wenzake wote, aliamini kwamba baada ya Hitler na Mussolini zamu ya Franco imefika. Akaenda Uingereza, akapiga, akashangiliwa. Kisha akaelewa kwamba serikali za washindi hazina nia ya kumgusa Franco. Akavunja ratiba yake, akazikataa shahada za heshima za Oxford na Cambridge, akarudi Prades. Msimamo wake ukawa huu: hatapiga hadharani katika nchi inayoitambua serikali ya Franco. Hesabu ilivyokuwa, hiyo ni sawa na kusema hatapiga popote.

Mgomo wa msanii ni silaha ya ajabu. Mfanyakazi wa bandari akigoma, meli hazipakuliwi, na tajiri anaona hasara kesho yake asubuhi. Mpiga selo akigoma, Franco anapoteza nini? Hakuna. Wanaopoteza ni wale wanaompenda. Ndiyo maana wapo waliomwambia wazi kwamba anawaadhibu wasio na hatia. Mimi naona walikuwa na hoja, ila hawakuona upande wa pili: kwa mkimbizi aliyesahauliwa Toulouse au Mexico, kule kujua kwamba mtu mmoja maarufu hajasahau kilikuwa kitu. Ukimya wa Casals ulikuwa na anwani, na watu walijua unaelekezwa wapi.

Aliyepata njia ya kuuzunguka mgomo huo bila kuuvunja ni Alexander Schneider, mpiga fidla wa pili wa zamani katika kundi la Budapest Quartet. Wazo lake lilikuwa jepesi: kama wewe hutoki, sisi tutakuja. Mwaka 1950 ulikuwa unatimia miaka 200 tangu kifo cha Bach. Sababu ikapatikana. Juni 2, katika kanisa la Saint-Pierre la Prades, Casals mwenye miaka 73 alikaa mbele ya watu akaanza na tungo ya kwanza kati ya zile sita. Kanisani makofi hayakuruhusiwa. Muziki ulipokwisha, watu walisimama kimya.

Ukiitazama orodha ya waliokuja, utaona ilikuwa pia mkusanyiko wa watu waliotawanywa na karne yao. Rudolf Serkin, mpiga piano, Myahudi aliyekimbilia Marekani. Clara Haskil, mzaliwa wa Bucharest, ambaye mwaka 1942 alinusurika kwa kuvuka kutoka Marseille kuingia Uswisi. Mieczysław Horszowski wa Poland. Isaac Stern, kijana bado, aliyezaliwa kwenye ardhi ya Ukraine na kukulia San Francisco. Huyo hakukubali kufanya onyesho Ujerumani maisha yake yote. Hawa wote wakajazana katika mji ambao hoteli zake zilikuwa za kuhesabu vidole.

Mwaka uliofuata tamasha lilihamia Perpignan, katika kasri la wafalme wa Majorca. Baadaye likapata makao yanayolifaa zaidi, abasia ya Saint-Michel de Cuxa, jengo la karne ya 10 nje kidogo ya Prades. Abasia hiyo nayo ilikuwa kama mkimbizi. Nguzo nyingi za ua wake wa ndani zilinunuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mchongaji wa Kimarekani, George Grey Barnard, na leo ziko New York katika jumba la makumbusho la Cloisters. Kwa hiyo msikilizaji wa Cuxa anakaa ndani ya jengo ambalo sehemu yake iko ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo muziki wa chemba ulipochukua nafasi ya okestra kubwa. Kwa asiyeuzoea: ni muziki wa watu wawili, watatu, mpaka sita au zaidi kidogo, kila mmoja na njia yake, bila mtu wa kupunga fimbo mbele. Ukikosea unasikika. Usipomsikiliza mwenzako mnaharibikiwa wote.

Sasa tuje kwenye doa. Alfred Cortot, mpiga piano Mfaransa, alipiga na Casals na Jacques Thibaud tangu mwanzoni mwa karne. Wengi wanawahesabu kuwa ndio watatu bora wa zama zao. Wakati Casals anazunguka kambini, Cortot alikuwa na cheo katika utawala wa Vichy, utawala ule ule uliosimamia kambi ya Rivesaltes. Mwaka 1942 akaenda kupiga Ujerumani. Baada ya vita alikuja Prades kuomba msamaha, kwa simulizi ya Casals mwenyewe. Na mwaka 1958, Casals akiwa na miaka 81 na Cortot 80, walipiga Beethoven pamoja kwenye tamasha lile.

Hili linanisumbua kuliko mengine yote. Kwa dola, Casals hakusamehe. Kwa rafiki, alisamehe. Unaweza kusema huo ni ubinadamu, na pengine ndivyo. Ila wale waliotoka Rivesaltes kwenye behewa hawakuulizwa maoni yao, na sidhani kama msamaha wao ulikuwa wa Casals kuutoa.

Mgomo wenyewe ulizidi kutoboka. Novemba 1950, miezi mitano baada ya tamasha la kwanza, Umoja wa Mataifa uliondoa pendekezo lake la mwaka 1946 la kuwarudisha nyumbani mabalozi walioko Madrid. Mwaka 1953 Marekani ilitia saini mkataba wa vituo vya kijeshi Hispania. Na bado Novemba 1961 Casals alipiga Ikulu ya Marekani, mbele ya Kennedy. Alieleza kwamba ni kwa heshima ya Kennedy binafsi. Wapo walioona ameyumba. Mimi namwelewa mzee wa karibu miaka 85 anayetaka mtu mmoja mwenye nguvu amsikilize kuhusu Katalunya kabla hajafa.

Alishahamia Puerto Rico, alikotoka mama yake, lakini kila kiangazi alirudi Prades, mpaka mwaka 1966. Alifariki San Juan tarehe 22 Oktoba 1973. Franco alikufa Novemba 1975. Mabaki ya Casals yalirudishwa El Vendrell mwaka 1979. Tamasha linaendelea kila mwaka, na kule Rivesaltes, kwenye uwanja wa kambi, jumba la kumbukumbu lilifunguliwa mwaka 2015, mizabibu ikiwa si mbali.

Ukitaka kuingia, usianze na Bach. Tafuta rekodi ya 1952 ya utungo wa Schubert kwa ala tano, wenye selo mbili: Stern na Schneider kwenye fidla, Milton Katims kwenye viola, Paul Tortelier na Casals kwenye selo. Sauti si safi kama za siku hizi. Vaa vifaa vya masikioni, nenda sehemu ya pili, ile ya polepole ambayo karibu haisogei, na usikilize kwa makini. Kuna mtu anaguna chini chini katikati ya muziki, kama mzee anayenyanyua mzigo. Ndiye yeye.