Diski Wajina

Miaka ya 1990, aliyeweka Linux kwenye kompyuta ya mezani aliijua diski kwa mahali ilipofungwa. Diski kuu ya kebo ya kwanza iliitwa hda na mwenzake hdb. Kebo ya pili ilikuwa ya hdc na hdd. Ukiing'oa hdb, hdc haikusogea kuziba pengo. Jina lilikuwa la kiti, si la aliyekikalia.

Diski za SCSI zilikuwa na desturi yao: iliyowahi kuonekana ndiyo sda, inayofuata sdb. Ongeza diski moja, foleni nzima huenda ikabadilika. Kufikia 2007 viendeshi vya libata vilikuwa vimeanza kuziita sd hata zile zilizokuwa hda, na aliyesahau kurekebisha majina ya diski katika faili ya fstab aliwasha mashine ikamtafuta mtu aliyekwisha badili jina.

Suluhisho likawa kuiuliza diski yenyewe. Programu ya udev, iliyozaliwa 2003, ilikuja kutunga majina ya kudumu chini ya /dev/disk/by-id kutokana na modeli na namba ya mfululizo. Diski ya ATA ikiulizwa hujibu kwa baiti 512, ndani yake herufi 20 za namba hiyo na 40 za modeli. Tena herufi hizo huja zimepishana mbili mbili: kiendeshi kisipozigeuza, Samsung inasomeka aSsmnu g. Hilo ni kosa jepesi, linaonekana kwa macho.

Gumu ni diski inayosema uongo. Katika diski za NVMe, namba ya utambulisho iitwayo EUI-64 haipaswi kurudiwa popote duniani, lakini baadhi ya watengenezaji waligonga namba moja kwenye shehena nzima. Linux 5.18 ya mwaka 2022 ilipoanza kukagua, mwenye SSD mbili za aina hiyo aliona moja tu. Ya pili ilikataliwa kama mwizi wa jina. Waandishi wa kiendeshi wakaanza orodha ya modeli zisizoaminika, nayo ikazidi kurefuka.

Mwaka 2023, toleo la 6.5 lililegeza kamba. Diski ya kawaida ya PCIe yenye namba iliyorudiwa sasa hupokelewa, namba yake hufutwa, na kiendeshi huandika onyo: kutumia /dev/disk/by-id kunaweza kuharibu data.