Kisutu Hakikuwa na Jina

Neno "mwaliko" siku hizi humpeleka msikiaji moja kwa moja kwenye kadi. Kwa harusi za pwani hiyo ni maana changa. Mwaliko ulikaa kinywani kwanza, ukipelekwa nyumba kwa nyumba na mtu ajuaye kusema. Basi mafundi wa leo wanaokata leso vipande na kuvibandika juu ya karatasi ngumu hawafufui mila, kama wasemavyo wengine, wanabuni. Si vibaya. Ila ndani yake mna swali la lugha linalotuhusu sisi watu wa vina.

Leso, kama tuiitavyo kanga huku Mombasa, ni neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijatenganishwa, wakaunga vipande viwili vya leso tatu tatu, wakapata nguo moja ya leso sita. Sindano hiyo ndiyo mama wa kanga. Wenye viwanda waliiga baadaye. Maandishi yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, na anayesifiwa kwayo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla. Yalianza kwa hati za Kiarabu, zikafuata za Kilatini. Tukayaita jina.

Lakini kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe, ambacho ndicho nguo ya bibi harusi, asili yake hakina jina. Leso za kila siku zilisema. Ya harusi ilinyamaza.

Dada yangu alipotaka mialiko 40 ya kitambaa kwa ndoa ya bintiye, tulipiga hesabu. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na ina jina moja tu. Ili kila mwaliko upate jina zima, tungekata doti 20, na sehemu kubwa ya nguo ingekuwa makapi. Wako wanaolikata jina katikati ili lienee. Nimewahi kupokea kadi ya namna hiyo: ni sawa na kupewa ukwapi bila utao.

Tukachukua bafta nyeupe, tukaizungushia vipande vya kisutu viwe pindo, na katikati tukaacha mji mtupu wa kudarizi. Nilikuwa nimetunga ubeti mzima. Bibi harusi, ambaye ndiye angeshona pamoja na wenzake, aliusoma akacheka: "Mjomba, hizi herufi zote atazidarizi nani?" Nikaufyeka hadi ukabaki mshororo mmoja wa mizani 16:

Njoni kwetu harusini, tupate baraka zenu.

Herufi 34. Mara 40, ni herufi 1,360 za uzi mwekundu, na kila moja yataka mishono kadhaa. Sijawahi kuhariri shairi kwa ukali kama huo, wala sidhani kalamu ingenilazimisha. Wino haumchoshi mtu. Uzi humuuliza mshairi kila neno lina kazi gani.

Tarehe na mahali hatukuvidarizi. Vilisemwa kwa kinywa, mlangoni, na waliopeleka.