Tumbo la kulia lililowagombanisha madaktari

Kila Februari 15, Siku ya Saratani ya Watoto Duniani, tunaoneshwa vichwa vilivyonyonyoka nywele. Utumbo hautajwi. Ilhali mtoto anaweza kushinda saratani ya damu akauawa na uvimbe wa mwanzo wa utumbo mpana, pale chini kulia, jirani na kidole tumbo.

Dawa za saratani haziui seli mbovu tu. Hudhoofisha pia ngozi ya ndani ya utumbo na kupunguza chembe nyeupe za damu. Hasa zile za kupambana na bakteria zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita, bakteria waliokuwa wakiishi tumboni kwa amani hupenya ukutani. Utumbo huvimba, mwishowe huweza kutoboka.

M. L. Wagner na wenzake, Marekani, waliueleza ugonjwa huu kwa watoto wenye saratani ya damu mwaka 1970. Ndipo ugomvi ukapamba moto. Wapo waliotaka tumbo lifunguliwe mapema, kabla utumbo haujatoboka. Wengine wakang'aka: utampasuaje mtoto asiye na kinga, ambaye damu yake haigandi? Kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonesha. Mwaka 1986, Robert Shamberger na wenzake, Boston, wakaweka masharti: mtoto asile, awekewe dripu na antibiotiki, asubiriwe. Kisu kije utumbo ukitoboka, damu ikiendelea kutoka hata baada ya chembe za damu kurejea, maambukizi yakimzidi, au kukiwa na tatizo jingine la tumbo ambalo lingepasuliwa kwa mtoto yeyote.

Huku kwetu Dar es Salaam, jengo la Wajerumani la Ocean Road likawa taasisi ya saratani mwaka 1996. Baadaye matibabu ya watoto yakahamia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Ila mtoto halali wodini miezi yote. Kati ya dozi hurudi Mbagala au Bunju, na homa, dalili ya ugonjwa huu, humkuta huko. Zahanati ya mtaani hupima malaria na kipimo cha taifodi cha Widal, jibu linakuwa taifodi, anapewa vidonge. Ningekuwa na mamlaka, kadi yake ingeandikwa kwa wino mwekundu: homa ni dharura, pima chembe nyeupe leo hii, usimpe enema, usimpime joto kwa njia ya haja kubwa, mlete Muhimbili hata kama ni usiku.