Haki za Binadamu na Watumwa wa Saint-Domingue

Vitabu vingi vya mabepari hutufundisha kuwa fikra za wanafalsafa wa Zama za Mwangaza ndizo zilizowakomboa watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo tangu 1804 linaitwa Haiti. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli tu. Fikra hubebwa na watu, na watu hao wana matabaka yao.

Mwaka 1789 koloni hilo lilikuwa na watumwa wapatao 500,000, na Wazungu wapatao 30,000 tu. Sukari yake ilizitajirisha bandari za Bordeaux na Nantes. Mwaka huo wenye mashamba walipeleka wajumbe Ufaransa, wakadai viti vingi katika Bunge la Taifa kwa kuwahesabu hata watumwa wao. Mirabeau akawakejeli kwamba, kwa hesabu hiyo, Ufaransa nayo ingepaswa kuhesabu farasi na nyumbu wake. Wakapewa viti 6. Tarehe 26 Agosti Bunge hilo hilo lilipitisha Azimio la Haki za Binadamu na Raia, likatamka kwamba watu huzaliwa huru na sawa. Lakini Azimio liliitaja pia mali kuwa haki takatifu. Na mtumwa, kwa sheria zao, alikuwa mali. Hapo ndipo penye fundo.

Kila tabaka lilichukua kipande chake. Kwa matajiri weupe, uhuru ulikuwa kufanya biashara bila kubanwa na Paris. Vincent Ogé, chotara mwenye mali, alidai haki za watu huru wa rangi yake bila kudai utumwa ufutwe. Akashika silaha mwaka 1790, akauawa kikatili mwaka uliofuata.

Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa Kaskazini wakachoma mashamba ya miwa. Wengi wao walizaliwa Afrika, wala hawakuhitaji Rousseau kuwaeleza maana ya mjeledi. Ni baada ya miaka miwili ya vita, Ufaransa ikihitaji askari dhidi ya Waingereza na Wahispania, ndipo kamishna Sonthonax alipotangaza uhuru wao. Paris iliuthibitisha tarehe 4 Februari 1794. Sheria ilifuata nyuma ya mapanga.

Hatuna budi kusema pia kwamba katiba ya Toussaint Louverture ya 1801 ilifuta utumwa milele, lakini iliwalazimisha wakulima kubaki katika mashamba makubwa, wakati wao walitaka vishamba vyao wenyewe. Jeshi la Napoleon lilipofika 1802, na habari zikaenea kwamba utumwa umerudishwa Guadeloupe, umma uliendelea kupigana hata baada ya Toussaint kukamatwa. Wafaransa walishindwa Vertières tarehe 18 Novemba 1803, na Dessalines akatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804.

Mwaka 1825 Mfalme Charles X aliidai Haiti faranga milioni 150, zikapunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, ili kuwafidia waliokuwa wenye mashamba. Katika mali iliyolipiwa fidia walikuwamo watu wenyewe.