Ugonjwa Uliosemekana Haupo

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Mwandishi wake, John Colin Carothers, alikuwa ameiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Miongoni mwa aliyoyashikilia ni kwamba sonona ni ugonjwa adimu sana kwa Waafrika. Mwafrika, alieleza, hana mazoea ya kujihukumu. Lawama za maisha yake humwangukia mchawi, mzimu au ukoo. Kwa hiyo ile huzuni nzito inayomfanya mtu ajione mkosaji na asiyefaa haipati pa kukaa ndani yake.

Kitabu kilisomwa na madaktari, watawala na wahadhiri kwa miaka mingi, na hoja hiyo ikapita mkono kwa mkono kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Haikuwa kweli. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Ghana hadi vijiji vya Buganda, kuibomoa, na wakati huo wote wenye ugonjwa walikuwapo.

Kosa lilianzia mlangoni. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na jina la Mathari ilipewa mwaka 1924. Haikuwa peke yake. Milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kituo cha Lutindi, kilichoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani na kugeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Dodoma ikapata Mirembe mwaka 1927. Majina haya mawili, Mathari na Mirembe, yakaingia katika mazungumzo ya watu kama tusi na kama tishio, na mpaka leo kuna mzazi anayemkaripia mtoto kwa kumtajia Mirembe.

Sifa hiyo ilitokana na jinsi watu walivyofika huko. Mgonjwa hakuja kwa miguu yake akieleza anavyojisikia. Aliletwa na polisi, na mkuu wa wilaya au kwa amri ya hakimu, kwa sababu alikuwa amechoma nyumba, amempiga mtu panga au amekutwa akitembea uchi sokoni. Ndani aliwekwa katika wodi ya rangi yake, kwa maana Wazungu, Wahindi na Waafrika hawakulazwa pamoja. Sasa mfikirie mama aliyezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja. Anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Chakula hakipandi. Anafika shambani, anakaa chini ya mti, jembe liko pembeni. Hakuna atakayemwitia polisi. Majirani watasema amezidiwa na mawazo, ndugu watamtafutia mganga au kumwombea, na jina lake halitaandikwa katika daftari la hospitali yoyote.

Carothers alihesabu daftari. Alikuwa daktari wa serikali aliyefika Kenya mwaka 1929, na alipokabidhiwa Mathari hakuwa na mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili. Alichukua wagonjwa Waafrika waliolazwa kati ya 1939 na 1943, akawapanga kwa ugonjwa, akaona wenye sonona ni wachache mno. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo, na ndiyo maana iliwadanganya wengi. Ilikuwa hesabu ya watu waliowashinda polisi na majirani, ikasomwa kana kwamba ni hesabu ya bara zima.

Alikuwa pia amerithi mawazo ya mahali hapo. Katika miaka ya 1930 daktari mwingine wa Mathari, H. L. Gordon, aliongoza jumuiya ya kutafiti "uboreshaji wa kizazi" na kudai kuwa ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni kwa asili. Carothers alizungumza kwa upole kuliko Gordon, lakini mwaka 1951 aliandika makala akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kueleza uasi wa Mau Mau, naye akaandika ripoti iliyofanya madai ya ardhi yaonekane kama hitilafu ya nafsi. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu kwa hasira katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961. Hasira hiyo ilistahili. Mtu aliyenyimwa ardhi yake alikuwa ameambiwa kwamba shida iko kichwani mwake, na aliyeumwa kweli alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa wake haupo.

Jibu la kitaalamu lilikuja kutoka mahali ambapo Carothers hakuwahi kukaa. Katika miaka ya 1950 Margaret Field, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa mila huko Gold Coast, Ghana ya leo, kabla ya kusomea udaktari, alikwenda kukaa kwenye madhabahu za waganga wa Ashanti, mahali watu walipopeleka shida zao kwa hiari. Huko aliwaona wanawake wakija kutoka mbali, wamekonda, hawalali, wakisema wenyewe kwamba ni wachawi: kwamba wao ndio waliowaua watoto wao, wao ndio walioharibu mavuno. Hakuna aliyewashitaki. Walijishitaki. Kule kujilaumu ambako Nairobi ilisema hakupo kulikuwa kumepiga foleni mbele ya mganga. Field alichapisha aliyoyaona mwaka 1960.

Nigeria nayo ilikuwa na Thomas Adeoye Lambo, aliyeanzisha huduma ya Aro, Abeokuta, mwaka 1954. Wagonjwa wake walipangishiwa vyumba katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakaja hospitali mchana kutibiwa. Yeye na Mmarekani Alexander Leighton walizunguka vijiji vya Wayoruba wakihoji watu wa kawaida, na matokeo waliyotoa mwaka 1963 yalionyesha dalili za sonona zimejaa. Baadaye Raymond Prince, daktari Mkanada aliyefanya kazi Nigeria, aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: kabla ya 1957 ripoti za sonona Afrika zilikuwa chache, baada ya hapo zikawa nyingi, je, ni ugonjwa ulioongezeka au ni macho ya madaktari yaliyobadilika?

Afrika Mashariki ilijibu swali hilo mwaka 1979. John Orley, daktari Mwingereza aliyekuwa ameishi na kufanya utafiti Kasangati, karibu na Kampala, alichukua maswali yaleyale yaliyotumika kupima wakazi wa Camberwell, London, yakatafsiriwa kwa Kiganda, akaenda nayo katika vijiji viwili. Yeye na mwenzake J. K. Wing walikuta sonona ni nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko Camberwell. Mwaka huohuo David Ndetei na J. Muhangi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani katika kliniki moja ya vijijini Kenya. Mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona na wasiwasi, ingawa alichoeleza kwa daktari kilikuwa maumivu ya mwili.

Hilo la mwisho lina uzito mpaka leo kwa yeyote anayekaa kwenye benchi la zahanati. Mara nyingi sonona haianzi kwa mtu kusema "nina huzuni". Huja kama kichwa kinachowaka moto, kifua kinachobana, mgongo, tumbo, uchovu usioisha hata baada ya kupumzika. Wasiwasi uliopitiliza huja kama moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, na mtu anaapa kwamba ni presha. Mgonjwa anapimwa malaria, anapewa panadoli, anarudi baada ya wiki mbili na malalamiko yaleyale. Asipoulizwa kama analala, kama bado anafurahia alichokuwa akikipenda, kama amewahi kutamani asiamke, hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka. Wataalamu huhesabu sonona pale dalili zinapodumu angalau wiki mbili mfululizo na kumzuia mtu kufanya kazi zake. Msiba wa wiki moja hauhesabiwi, wala mtu kuwa na siku mbaya.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, dawa zilikuwa zimepatikana. Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, alikuwa akiijaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia, akagundua kwamba inawasaidia wale wenye sonona. Alitangaza hivyo mwaka 1957, na waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache. Dawa ndugu ya imipramini, amitriptilini, ilikuwa katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Fluoksetini iliongezwa miaka thelathini baadaye. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa, na wengi huziacha kabla hazijaanza kusaidia kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Hazimlevyi mtu wala hazimfanyi mtumwa wake kama baadhi ya vidonge vya usingizi, ila hazitakiwi kukatishwa ghafla.

Kuwa kwenye orodha ni jambo moja, kufika kijijini ni jingine. Tanzania ilijaribu mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilianza Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuwafundisha watumishi wa vituo vya afya na zahanati kutambua na kutibu magonjwa ya akili, badala ya kila kitu kusubiri Mirembe. Ulikuwa mpango wa busara uliotangulia wakati wake, na uliangukia miaka ambayo nchi haikuwa na fedha za kigeni hata za kununua dawa za kawaida.

Hatua kubwa kuliko zote ilitoka tena Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai. Hapa ndipo UKIMWI ulipotambuliwa mara ya kwanza nchini humo, mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero. Karibu miaka ishirini baadaye hakukuwa na nyumba isiyo na kaburi. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton waliuliza wanakijiji kwanza: shida gani zimeletwa na ugonjwa huu? Wakatajiwa hali mbili kwa majina ya Kiganda, moja ya mtu kujichukia na nyingine ya mtu kujihurumia, ambazo zikiunganishwa zinakaribia kabisa sonona ya vitabuni. Walipopima, mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa nayo.

Kisha wakauliza jambo jingine ambalo halipo katika vipimo vingi: mwanamke aliye mzima hufanya nini hapa kila siku, na mwanamume je? Majibu yakawa kulima, kuoga, kulea, kupika, kwenda mikutanoni, kusaidia waliofiwa. Kupona kungepimwa kwa hayo pia, si kwa dalili tu. Kipimo hicho kina heshima ndani yake, kwa sababu kinampa mgonjwa na majirani zake haki ya kusema uzima ni nini.

Vijiji 30 vilihusika. Katika nusu yake, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume walikutana mara moja kwa wiki, dakika tisini, kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa hukohuko wanaojua Kiganda, waliofundishwa kwa wiki mbili. Mazungumzo yalifuata tiba iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ambayo haimchimbui mtu utoto wake wote. Inamuuliza ni nini kilichobadilika kati yake na watu wake huzuni ilipoanza. Ni msiba? Ni ugomvi na mume au shemeji? Ni maisha yaliyogeuka, kama kuugua, kuwa mjane au kurithi watoto wa marehemu? Kikundi kinamsikiliza, kinamshauri la kujaribu kabla ya wiki ijayo, na wiki ijayo kinamuuliza lilikwendaje.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, wenye sonona kamili katika vijiji vya tiba walikuwa asilimia 86 ya washiriki. Baada yake walibaki 6.5. Katika vijiji visivyopata tiba walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo, na vikundi vingi vilikuwa vinaendelea kukutana bila kusimamiwa na mtu.

Zimbabwe ilifika mahali hapo kwa njia yake. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ya mgonjwa huyo haikuwa na dola 15 za nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 alianza Mbare, Harare, na bibi 14 wahudumu wa afya wa jamii, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 13.7 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar.

Sheria ndiyo iliyochelewa zaidi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba, katika shauri lililoletwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, ikisema kinambagua mtu kwa sababu ya afya yake. Kwa aliyenusurika tofauti inaanzia siku hiyohiyo: ndugu wanaweza kumfikisha hospitali na kumweleza daktari ukweli wote wa kilichotokea, bila kuogopa kwamba akitoka wodini atapelekwa mahabusu.