Maneno ya Kuiuza Divai ya Bei Nafuu

Katika mwaka wa 1857, ndugu wawili, Walter na Alfred Gilbey, walifungua biashara ya divai kando ya Oxford Street mjini London. Walikuwa wamerudi karibuni kutoka katika Vita vya Krimea. Wakati ule divai ya Ufaransa ilitozwa ushuru uliozidi shilingi 5 kwa galoni, hata ikawa kinywaji cha mabwana wakubwa. Divai ya Rasi ya Tumaini Jema, kwa kuwa ilitoka katika koloni la Waingereza, ilitozwa nusu yake tu. Ndugu hao wakachagua ya Rasi.

Kizuizi hakikuwa bei, kilikuwa aibu. Neno rahisi lina mashaka katika kila soko: mnunuzi hufurahi kwa siri, kisha huwaza wageni wake watasema nini. Kwa hiyo, katika matangazo ya magazeti ya siku zile, divai ya Rasi ilivikwa majina ya kuazima. Iliitwa Port ya Afrika Kusini, ama Sherry ya Afrika Kusini, na kando ya jina ikaandikwa bei ya dazeni moja. Jina lilimpa mnunuzi heshima. Bei ikampa ruhusa. Ufundi wote wa tangazo la namna hii umo katika ndoa ya maneno hayo mawili, na waandishi wa matangazo waliofuata hawakuongeza mengi juu yake.

Mwaka wa 1860 Gladstone, waziri wa fedha, aliupunguza ushuru wa divai za kigeni na kuiondolea Rasi upendeleo wake. Biashara ya Rasi ikaanguka. Akina Gilbey wakageukia Ufaransa pasipo kusita, na sheria ya 1861 ilipowafungulia wauza vyakula mlango wa kuuza divai kwa chupa mojamoja, wakawafanya mawakala wao mijini. Tangu hapo divai ilisimama rafu moja na chai na sukari, na kusimama huko kulishawishi kuliko sifa yoyote iliyoandikwa. Hata tabibu alisaidia: mwaka wa 1865 Robert Druitt alitoa kitabu kizima juu ya divai za bei nafuu na manufaa yake kwa afya.

Lakini lipo jambo ambalo matangazo hayo hayakulisema. Katika mashamba ya Rasi, vibarua walipewa divai kama sehemu ya ujira wao, kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi, na ulevi ukawafunga kwa bwana shamba baada ya utumwa kukomeshwa. Unafuu ule ulikuwa na mlipaji mwingine. Mwaka wa 1875 kampuni ya Gilbey ilinunua shamba la Château Loudenne huko Médoc. Huko Rasi, sheria ya kukataza ujira wa divai ilingoja hadi miaka ya 1960, na hata hapo desturi yenyewe haikukoma mara moja.