Kuvuka mpaka na mwenzi anayetumia kiti cha magurudumu: mambo ya kujua mbele ya safari

Kwetu Masisi na Walikale tumezoea safari za aina tatu: ya kukimbia vita, ya hospitali, na ya biashara. Safari ya kupumzika tu, bwana na bibi kuenda siku chache Gisenyi, Kigali ao Kampala kuona ziwa na kusalimia ndugu, wengi wanaihesabu kuwa ya watu wengine. Tena kama mmoja wao anatumia kiti cha magurudumu, familia inamwambia mapema: "Wewe baki, utachoka bure."

Safari hiyo inawezekana. Inaomba matayarisho mengi kuliko nguvu za mikono. Na kuko kanuni moja inayorudi kila mahali: mwenye kiti ni msafiri sawa na mwenzake. Yeye ndiye anajua mwili wake na kiti chake. Maulizo yote yaanze kwake.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Kipengele cha 18 kinalinda haki ya kutembea na ya kupata karatasi za safari. Kipengele cha 30 kinataja wazi mapumziko, michezo na utalii. Kwa hiyo kupumzika si anasa ambayo mlemavu anaomba msamaha kwa kuitaka. Rwanda na Uganda ziliingia katika mkataba huo mwaka 2008, Kongo mwaka 2015.

Hapa kwetu, Katiba ya 2006, katika kipengele cha 49, inawapa wazee na watu wanaoishi na ulemavu haki ya kulindwa kwa njia ya pekee. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayohusu ulinzi na haki za watu hao. Sheria haiondoi ngazi mlangoni, lakini inakupa neno la kusema kwa adabu mbele ya afisa anayetaka kukurudisha sababu ya kiti.

Kwa nini pale barriere wanawaza munafanya biashara

Mtu anayefika Petite Barrière ya Goma na kiti ao na baiskeli ya magurudumu matatu, wengi wanamuona mara moja kuwa mchuuzi. Kuko sababu. Kwa miaka mingi walemavu wa Goma wamevusha mizigo kati ya Goma na Gisenyi juu ya baiskeli zao, na mara nyingi walipunguziwa ushuru. Kinshasa ilikuwa vilevile: tangu wakati wa Zaïre, walemavu walipata nafuu kwenye mashua za Brazzaville, na biashara ya Beach ikawa mkate wao.

Kazi hiyo imelisha nyumba nyingi na kusomesha watoto. Lakini kwa bwana na bibi wanaoenda kupumzika inaleta matatizo mawili. La kwanza, watu wanaweza kuwaomba muwavushie mzigo kidogo "kwa sababu nyinyi hawawasumbui". Mukatae. Hamujui kilicho ndani, na duani wakikikuta ni chenu. La pili, afisa anaweza kupekua mto wa kiti na chini yake. Mumuambie mapema, kwa utulivu, kwamba ni safari ya familia, na mwenye kiti mwenyewe aeleze namna ya kukishika kiti bila kukivunja.

Kuko mfano mwingine wa walemavu waliovuka mipaka bila biashara ya mizigo. Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao walipooza kwa polio, walipiga muziki Ulaya, na filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Jina lao kwa Lingala lina maana ya kutazama mbali kuliko sura ya nje.

Karatasi

Kwa muda mrefu wakaaji wa Goma walizoea kuvuka na karte ya elekta na jeton. Jeton ni ya mji wa jirani tu na ya muda mfupi. Haikufikishi Kigali wala Kampala. Kwa kuenda mbali tayarisheni pasipoti, ao kwa Rwanda, si kwa Uganda, karatasi ya safari ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 kati ya Zaïre, Rwanda na Burundi. Kila mmoja awe na yake. Ongezeni karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano.

Kuko pia karatasi ambayo wengi wanaisahau: barua fupi ya muganga. Iandike ugonjwa ao ajali, dawa anazobeba, na vifaa kama sonde ya mkojo. Itasaidia kwenye duani na kwenye ndege. Masaa ya kufungua mpaka yanabadilika kufuatana na hali ya usalama, basi ulizeni siku ileile kabla ya kutoka nyumbani, na mufike asubuhi.

Kutoka Mpofi hadi Goma

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko mpaka wenyewe. Njia ya Nyabiondo, Masisi-centre na Sake ni matope wakati wa mvua, na wengi wanaipita kwa moto. Ulizeni kwanza habari ya usalama kwa wale waliopita jana, si kwa wale waliopita wiki jana.

Chukueni moto mbili: moja ya watu, moja ya kiti kilichokunjwa. Asiyeweza kujishikilia akae katikati, motari mbele, mwenzi nyuma, na kitenge kifungwe kiunoni. Miguu ifungwe vizuri juu ya sehemu ya kukanyagia. Angalieni sana eshapema: mtu asiyesikia miguu anaweza kuungua hadi ndani bila kujua. Avae suruali nzito na botte.

Toeni mto wa kiti na sehemu za miguu, muzibebe katika mfuko wenu. Hivyo ndivyo vinapotea kwanza. Bebeni pompi, ufunguo wa bulo, na shambrere ya akiba. Viti vingi vina magurudumu ya nyuma ya saizi 24, na mara nyingi shambrere ya baiskeli ya 24 inaingia, kwa hiyo fundi wa baiskeli wa Sake ao Goma anaweza kuwasaidia.

Goma ina mawe ya Nyiragongo, ya 2002 na ya 2021. Magurudumu madogo ya mbele yanakwama humo. Mwenye kusukuma arudishe kiti nyuma kidogo, kitembee juu ya magurudumu makubwa mawili, ao akivute kinyumenyume. Kwenye mteremko mkali mushuke kinyumenyume pia, mwenzi akiwa upande wa chini. Mbele ya kugusa kiti, muulize aliyeketi.

Mukifika ng'ambo

Barabara ya kando ya ziwa huko Gisenyi ni ya lami na tambarare, tofauti kubwa na mawe ya Goma. Kwa watu wanaojaribu safari ya kwanza, ni mahali pazuri: siku moja ao mbili, na nyumbani si mbali. Kigali ni mji wa milima. Basi ndogo zina mlango mwembamba na ngazi, basi nunueni tiketi mapema na muombe kiti cha mbele, ao mukodi taksi pamoja na familia nyingine.

Kwa hoteli, musiulize "kuko ngazi?" Watajibu "hapana", halafu mutakuta tatu. Ulizeni "ngazi ni ngapi kutoka barabarani hadi kitandani?" Chukueni kamba, mufunge fundo moja kwa upana wa kiti na lingine kwa urefu wake kutoka chini. Kiti kingi kina upana wa sentimeta 65 hadi 70, na mlango wa choo mara nyingi ni mwembamba kuliko wa chumba. Waombe wapime mlango wa choo na kitanda, watume picha kwa WhatsApp.

Kama munapanda ndege

Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025, M23 ilipouchukua mji, na tangu wakati ule wasafiri wengi wamepitia Kigali. Juleni kampuni angalau masaa 48 mbele. Kampuni zinatumia alama tatu: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS kwa asiyeweza ngazi, WCHC kwa anayebebwa hadi kwenye kiti chake. Mukikosea alama, mutakuta msaada usiofaa mlangoni.

Kiti chenu kinasafiri bure kama kifaa cha mwili. Kipigeni picha mbele ya kukitoa, na muombe kukipata mlangoni mwa ndege. Kikiharibika, musitoke uwanjani bila kuandikisha. Mkataba wa Montreal wa 1999 unawapa siku 7 za kulalamika kwa maandiko juu ya mzigo ulioharibika. Kiti cha betri kinaomba ruhusa ya mapema.

Mwili unapumzika pia

Hatari kubwa ya safari ndefu kwa aliyepooza ni vidonda vya kukalia. Vinaanza kama doa jekundu tu, kisha vinaweza kumlaza miezi. Kila nusu saa, ao mbele ya hapo, ajiinue kwa mikono ao asaidiwe kuegemea upande. Kila jioni muangalie ngozi ya makalio na visigino. Doa lisilopotea ni amri ya kulala kwa tumbo kesho yake, hata kama ziwa linapendeza.

Jambo lingine: wengi wanaacha kunywa maji ili wasitafute choo njiani. Hiyo inaleta ugonjwa wa mkojo na homa. Afadhali kunywa, na kupanga vituo vya choo.

Na mwenye kusukuma? Yeye pia yuko kwenye mapumziko. Lipeni kijana wa kusaidia sehemu ngumu, mukubaliane bei mbele. Afisa ao mhudumu akimuuliza mwenzi "anataka nini?", jibu ni fupi: "Muulize mwenyewe, papa." Mutarudia neno hilo mara nyingi, na hapo ndipo mtu anaanza kusafiri kama bwana ao bibi wa mtu, si kama mgonjwa anayepelekwa.

Kwa kifupi, mbele ya kutoka:
- pasipoti ao CEPGL za watu wote wawili, karte ya manjano, barua ya muganga;
- mto, sehemu za miguu, pompi, ufunguo, shambrere;
- kamba ya vipimo na namba ya simu ya hoteli;
- dawa na vifaa vya siku tatu zaidi, sababu mpaka unaweza kufungwa;
- feza ndogo ndogo za wasaidizi;
- habari ya njia ya siku ileile.